Mrejesho: povu la kupulizia darini

Wakuu, niliuliza kama povu la kuzuia joto lipulizwe chini ya paa au juu ya dari, maana vyumba vya juu vilikuwa havikaliki kwa joto. Asanteni sana kwa ushauri. Tumepuliza chini ya paa, katikati ya kenchi, aina ile ngumu yenye vitundu vilivyozibwa, kwani huzuia hata mvuke. Fundi alipuliza tabaka nyembamba, akiacha kila moja ipoe kwanza. Hilo lisimamieni kabisa! Povu nene la mkupuo mmoja hupata joto kali ndani yake, linaweza hata kuungua. Bomba la feni ya bafuni tulilielekeza nje ya nyumba mapema. Familia ililala kwingine mpaka harufu ikaisha. Sasa mchana vyumba vinakalika, kiyoyozi nacho kinapumzika. Unyevu kwenye mbao bado naufuatilia.