Maikromita na geji za mtumba kwa karakana ndogo: ninunue zipi?

Chuma_Nyakato
Mwangaluka wakuu. Nina karakana ndogo hapa Nyakato, Mwanza, mashine moja ya kukereza na drili ya mezani. Kazi zangu ni shafti za mashine za kusaga, bushi za trekta, na uvuvi ukichangamka naletewa shafti za propela. Hadi leo napima kwa kalipa ya venia, ile ya taya mbili za kuteleza, na imenifika shingoni. Mwezi uliopita nilichonga shafti ya milimita 40 kwa ajili ya beringi 6308. Venia ikasoma 40.00 safi. Siku ya tisa mteja amerudi, beringi inacheza kwenye shafti kama pete ya kuazima. Nikajaza kwa kuchomelea, nikakereza upya, bure.

Nimetenga laki nane. Kuna seti mpya ya maikromita za Kichina za dijitali hapa mjini, milimita 0 hadi 100, na chenji inabaki. Kuna muuzaji wa mtandaoni yuko Uingereza, ana maikromita za Mitutoyo na Moore & Wright zilizofanyiwa ukarabati. Kwake napata maikromita tatu na dayo geji moja (geji ya sindano kama saa), usafiri na ushuru vikimaliza hela yote. Halafu kuna kiwanda cha kuchambua pamba kinauza vifaa vya karakana yake ya zamani kwa bei ya kutupa, ila unachukua kama kilivyo. Mnanishauri nini?

Spana17
Chukua mpya ya Kichina, uanze kazi kesho. Mtumba wa kifaa cha kupimia ni kununua viatu bila kuvijaribu. Na hapo Nyakato nani atakuuliza mikroni, sehemu ya elfu ya milimita?

Mzee_Mkerezaji
Spana17, beringi ndiyo itakayomuuliza.

Kijana, hukupima vibaya. Umepima kwa kifaa kisichoweza hiyo kazi. Shafti ya 40 kwa mkao wa k6, yaani wa beringi kukaa kwa kubana kidogo, inatakiwa iwe kati ya 40.002 na 40.018. Dirisha lote ni mikroni 16. Venia nyingi zinasoma kwa hatua ya 0.02, yaani hatua yake moja ni pana kuliko dirisha lenyewe. Ukisoma 40.00, shafti inaweza kuwa 39.98 nawe usijue.

Na jambo la pili ambalo vijana wengi hawalisikii: uliipima ikiwa ya moto? Chuma cha kawaida kinatanuka kama mikroni 11 na nusu kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Shafti imetoka kwenye kisu ina nyuzi 45, maikromita yako ina 28 za kivulini. Kwenye kipenyo cha 40 hapo umeshapata karibu mikroni 8 za uongo. Nusu ya dirisha imeliwa na joto peke yake. Mimi huiacha shafti juu ya bamba la chuma pamoja na maikromita hadi ninywe chai, ndipo napima.

Kuhusu kununua: maikromita nzuri ya skrubu ya zamani, ikiwa haijaanguka, ni bora kuliko dijitali ya bei ya chini. Skrubu yake ina hatua ya nusu milimita na ngoma ina mistari 50, kwa hiyo kila mstari ni 0.01. Hakuna betri, hakuna skrini ya kufa. Ila ikague kwanza.

Chuma_Nyakato
Shikamoo mzee. Naikaguaje mimi sina geji bloku, vile vipande vya chuma vya kipimo kamili?

Mzee_Mkerezaji
Marahaba. Anza na karatasi safi: ibane kidogo katikati ya nyuso mbili, ivute itoke na uchafu wote. Funga kwa racheti, kile kitasa cha nyuma kinachoteleza ukishabana vya kutosha, tazama sifuri. Lakini sifuri usiiamini sana. Maikromita iliyokaa kiwandani ikipima kipande kile kile miaka kumi imelika sehemu moja ya skrubu, na sifuri inaweza kuwa sawa kabisa. Zungusha kutoka mwanzo hadi mwisho, sikiliza kidole. Ikiwa nyepesi hapa na nzito pale, irudishe mezani kwa mwenyewe.

Kisha tafuta gololi ya beringi mpya. Ipime katikati ya nyuso, halafu pembeni juu, chini, kushoto na kulia. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu ya mstari, nyuso zimelika au haziko sambamba. Gololi haihitaji cheti kwa kazi hii, kwa sababu unailinganisha na yenyewe.

Boti_Kirumba
Mimi nachonga silinda za injini za boti na za pikipiki, kwa hiyo niko upande wa matundu. Niliwahi kununua dayo geji ya tundu iliyokarabatiwa, jina sitaji muuzaji. Ilikuja inang'aa kama bibi harusi, sindano ikapanda na kushuka vizuri, lakini hairudi palepale. Nikipima silinda moja mara tano napata majibu matatu. Aliyeikarabati alikuwa amepaka mafuta kwenye kijiti cha dayo. Mafuta yale yanashika vumbi yanageuka gundi. Kijiti cha dayo hakipakwi mafuta, wakuu! Nilikifuta kwa spiriti, ikapona nusu.

Dijitali za bei rahisi nimeua mbili. Hapa ziwani unyevu hauishi, na duka linakupa betri ya LR44 badala ya SR44. LR44 inashuka umeme polepole, skrini inaanza kuzungumza lugha yake.

Maabara_Dar
Nifafanue hili la "cheti" maana nimeona muuzaji ameliandika. Stika ya kijani yenye tarehe si cheti. Cheti cha maana kina namba ya seri ya kifaa chenyewe, kina jedwali la vipimo vilivyojaribiwa na kosa la kila kimoja, na kinasema kipimo rejea kinafuatiliwa hadi wapi. Ukimuuliza muuzaji hilo jedwali akakujibu "imepita tu", bei isiwe ya kifaa chenye cheti.

Hapa nchini TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wana maabara ya vipimo Dar, wanafanya ulinganishaji, yaani kupima kosa la kifaa kwa kipimo rejea. Wakala wa Vipimo ni wengine, wao ni mizani ya biashara, kama ile ya samaki hapo Mwaloni. Watu wanachanganya. Na Mitutoyo feki zimejaa sokoni, hasa kalipa za dijitali. Bei ikikuchekea sana, iogope.

Spana17
Sawa, nakubali kushindwa kwa skrubu. Lakini usafiri kutoka Uingereza kwa maikromita tatu? Bado naona ni hasara. Nenda kiwandani kwanza.

Mzee_Mkerezaji
Hapo naungana nawe. Aende na gololi yake mfukoni. Asinunue seti nzima kwa tamaa. Kazi zake nyingi ziko 25 hadi 50. Akipata hiyo moja nzima, na ya 0 hadi 25, amemaliza nusu ya shida. Dayo geji na kishikio cha sumaku anaweza kununua mpya.

Chuma_Nyakato
Mrejesho. Nilienda jana na gololi. Nilikuta maikromita sita kwenye sanduku la mbao, mbili za Moore & Wright. Moja ni ya inchi, nimeiacha, sitaki kila siku kuzidisha kwa 25.4. Starrett moja nyuso zake zilikuwa na kutu ya madoadoa, nimeiacha pia. Nimechukua 0 hadi 25 na 25 hadi 50, zimepita jaribio la gololi, na 50 hadi 75 ambayo racheti yake inakwama. Zote tatu hazijafika laki mbili. Tatizo sanduku halina fimbo za kusetia, zile za urefu kamili za kuwekea sifuri. Ya 0 hadi 25 naifunga tu naona sifuri, lakini hizo mbili siwezi kujua zinasema kweli. Kuna mwenye fimbo ya 25 na ya 50 hapa Mwanza aniazime nusu saa?

Boti_Kirumba
Ninazo zote mbili. Njoo asubuhi kabla jua halijapanda, na maikromita uje nazo kwenye kitambaa, usizishike mkononi njia nzima.