Mjadala: Je, raia akatazwe kupiga picha ndege za abiria na kuzungumzia njia za kurukia?

Hoja iliyoletwa na mwenzetu mmoja hapa Tanga ni kwamba vijana wanaosimama nje ya uzio wa uwanja wa ndege wakapiga picha ndege za abiria, kisha wakaelezana ni upande gani wa njia ya kurukia unaotumika siku hiyo, wakatazwe kabisa, kwa kuwa habari hizo zaweza kumfaa mtu mwenye nia mbaya. Mwenzetu huyo ni mtu mzima ninayemheshimu, na hofu yake si ya kubezwa. Hata hivyo nampinga, kwa sababu katazo analolitaka linamgusa asiye na kosa na kumwacha mwenye kosa vilevile alivyo.

Tuanze na suala la njia, maana ndilo analoliegemea zaidi. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo, na upepo hauna siri. Njia kuu ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ina namba 05 upande mmoja na 23 upande wa pili. Namba hizo hutokana na dira, yaani takribani digrii 50 na digrii 230. Kaskazi ikishika, kati ya Desemba na Machi, yeyote anayeijua dira atatambua kwamba ndege zitatua zikielekea kaskazini mashariki. Mvuvi wa Sahare ambaye hajapanda ndege maishani mwake anajua upepo wa leo unatoka wapi kabla jua halijapanda. Namba, urefu na ramani za njia hizo huchapishwa rasmi kwa ajili ya marubani wa dunia nzima, na hali ya hewa ya viwanja vikubwa hutangazwa mara kwa mara mchana kutwa. Kinachoitwa siri, basi, kimekwisha kutangazwa na mamlaka zenyewe.

Hata uwanja wetu wenye shughuli chache unatosha kulionyesha jambo hili. Tazama ule mfuko wa upepo uliofungwa kwenye mlingoti: mkia wake unakoelekea ndiko itakakotokea ndege ndogo inayotoka Pemba. Itakapokaribia chini rubani atainua pua kidogo, magurudumu mawili ya nyuma yataigusa lami kwanza, kisha la mbele litashuka taratibu, na ubavuni utazisoma herufi zinazoanzia na 5H, alama ya usajili ya Tanzania. Kijana anayeyafuatilia hayo mwezi baada ya mwezi anajifunza hali ya hewa, hesabu na ufundi bila ya kulipa ada. Mimi naona fahari kwa mtoto wa Makorora anayeweza kuitambua ndege kwa mlio wa injini yake, na sioni kwa nini jamii imtazame kwa jicho la shaka.

Viwanja vyenye msongamano mkubwa zaidi duniani navyo havikuchagua kunyamaza. Heathrow, London, ina njia mbili zilizo sambamba. Ndege zinapotua zikielekea magharibi, njia moja hutumika kutua na nyingine kuruka, na saa tisa alasiri zamu hubadilishwa ili wakazi wanaoishi chini ya mkondo wa ndege wapumzike na kelele kwa sehemu ya siku. Ratiba ya zamu hizo hutangazwa kwa wananchi, nao huijadili na kuilalamikia bila ya kuitwa wahaini. Karibu na uwanja huo, kwenye nyasi za Myrtle Avenue, watu hukaa na kamera zao wakizitazama ndege zikishuka juu ya mapaa ya nyumba. Uingereza haikosi maadui, wala haipuuzi ulinzi wa viwanja vyake.

Mwenzetu alitaja pia kisa cha Ugiriki, nami nakikubali kama mfano, ila nakisoma vingine. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2 wapenzi wa ndege walikamatwa Kalamata wakishukiwa ujasusi, wakatiwa hatiani Aprili 2002, na Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikawaachia huru. Pale palikuwa kituo cha jeshi, na hapo ndipo mpaka unapostahili kuwekwa. Sheria yetu ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayalinda maeneo nyeti, na ni haki iwe hivyo: ndege za kijeshi na misafara ya viongozi tuziache. Droni zina utaratibu wake wa vibali, na anayemulika macho ya rubani kwa mwanga wa leza anahatarisha maisha, kwa hiyo ashtakiwe. Mtumishi wa ndani ya uzio anayetoa nje ratiba za walinzi ni hatari kuliko kamera zote zilizoko barabarani, na katazo hili halimgusi hata kidogo.

Tukumbuke vilevile kwamba jicho la raia huweza kuwa shahidi. Mei 25, 1979, ndege aina ya DC-10 ilipokuwa ikiruka kutoka Chicago injini yake ya kushoto iling'oka. Watu 273 walikufa, wakiwemo wawili waliokuwa ardhini. Picha zinazoionyesha ndege hiyo ikilala ubavu angani zilipigwa na mtu wa kawaida aliyekuwa na kamera uwanjani.

Kinachonikera kwetu ni kukosekana kwa maneno ya wazi. Leo kijana anafukuzwa na mlinzi, kesho mlinzi mwingine anampungia mkono, na wote wawili hawana pa kuonyesha kilichoandikwa. Liwekwe bango kando ya uzio, kwa Kiswahili, likieleza mahali panaporuhusiwa kupiga picha, vitu visivyopigwa, na nambari ya kumpigia ofisa anayehusika.

Atakayelitetea katazo, nikianza na ndugu yangu mwenyewe, ninamwomba atuonyeshe mambo mawili: kifungu cha sheria kinachomhusu raia aliyesimama kando ya barabara ya umma akiitazama ndege ya abiria, na madhara yanayopatikana anapomwambia mwenzake kwamba leo zinatua kwa namba 05.