Tupeane uzoefu: volkano ya Nyiragongo ilipotoka, ulikimbilia wapi?

Yaya wa Majengo
Ndugu zangu wa Goma, salamu. Watoto wa avenyu yetu wamefundishwa shuleni rangi za bendera za tahadhari ya volkano: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Wamerudi wanaziimba njia nzima. Sasa yule mdogo wa jirani akamuuliza baba yake, "Ikiwekwa nyekundu, sisi tunaenda wapi?" Baba akajibu Sake, kule magharibi, mama akajibu ng'ambo, yaani Gisenyi ya Rwanda, wote kwa mara moja. Roho yangu ilishtuka, maana nyumba nyingi za hapa ndivyo zilivyo. Mliopitia milipuko ya 2002 na 2021, na wazee wa 1977 kama mko humu, tuambieni kile kilichowasaidia kweli.

Papa Katindo
1977 nilikuwa mtoto, tulikuwa tunakaa upande wa Kibati. Ziwa la lava lililokuwa juu kwenye kreta lilipata njia ubavuni mwa mlima, likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana. Ile ya siku ile ilishuka kama maji ya mafuriko, na watu walikutwa mashambani, majembe mkononi. Kwa hiyo mtu akikuambia lava hutembea polepole, muulize amezaliwa mwaka gani.

Fundi wa Birere
Papa, kwa heshima yako, 2002 mimi niliiona kwa macho. Kwetu Birere lava ilifika polepole. Watu walitoa nguo, vyombo, wengine mpaka mabati. Muda ulikuwepo.

Papa Katindo
Ulikuwepo kwenu mjini, kijana wangu. Kule Munigi ardhi ilipasuka karibu na nyumba za watu. Wao walipewa muda gani? Lava ikiwa imetoka mbali inapoa na kupunguza mwendo, lakini aliye karibu na ufa asipime kwa mtu wa Birere.

Fundi wa Birere
Hapo nimekuelewa, papa. Ninachoogopa mimi ni watu kusikia "hakuna muda" halafu wanatoka mbio bila kuhesabu watoto.

Mama Sambaza
Bibi yangu 2002 alijitwika sufuria ya maharage ikiwa bado ya moto, akatembea nayo mpaka bariyeri ya mpakani. Vijana wakamcheka. Usiku ule kule Gisenyi, watu wa avenyu nzima walikula kwake.

Kadogo wa ULPGL
Basi sheria ya kwanza: kila nyumba iwe na maharage motoni 😄

Mama Sambaza
Cheka tu mwanangu, siku hiyo utanitafuta.

Motari wa Ndosho
Mimi nitasema la barabarani. 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, umeme umekatika, anga lote jekundu, magari yanashuka bila mpango. Hesabu ya kwanza serikali iliyotoa ilikuwa watu 15 waliokufa. Tisa kati yao ni ajali ya gari, wawili ndio waliungua. Fikirini hapo. Barabara iliua kuliko moto. Ukipanda pikipiki usiku ule, mwambie motari apunguze mwendo. Ukiweza kutembea, tembea pembeni kabisa ya njia, mtoto awe upande wa ndani.

Papa wa Virunga
Kweli kabisa.

Mama wa Buhene
Nimesoma haya yote nikatetemeka, sikutaka kuandika, lakini acha niseme.

Nyumba yetu ilikuwa Buhene. Jioni ile nilikuwa nakaanga mandazi ya kuuza asubuhi baada ya misa. Mume wangu alikuwa safarini Bukavu. Mama mkwe alikuwa ndani, miguu yake haibebi. Nilisikia watu wanapiga kelele upande wa juu, nikatoka, nikaona moshi umewaka kwa chini. Hakuna aliyetupigia filimbi, hakuna aliyepita na kipaza sauti. Nani angetuambia? Tuliambiwa na rangi ya anga.

Watoto wangu watatu walikuwa nje. Mkubwa alikuwa na miaka 11. Kitu kimoja tulikuwa tumekipanga nyumbani tangu zamani, kwa sababu mama yangu mzazi alipoteza mdogo wake 1977 katika kukimbia: mkitengana nami, msinitafute. Msirudi nyumbani. Nendeni kwa shangazi Himbi, mkae mlangoni kwake hata kama hayupo, na msiondoke na mtu yeyote. Nilikuwa nawarudisha kwenye maneno hayo kila mara, hata kwa kuwatembeza kwa miguu wajue njia kona kwa kona.

Nilipokuwa namvuta mama mkwe tumfikishe kwenye njia, umati ukatukata. Nikaita, sikusikia sauti yao. Kuna kijana, Mungu ambariki popote alipo, alimbeba bibi mgongoni mpaka tukavuka eneo la uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa natembea nalia, sitaki kwenda mbele, siwezi kurudi nyuma. Watu wengine walikuwa wanarudi kutafuta watoto wao, na wanaorudi wakagongana na wanaokimbia. Nikasema, nimewaambia Himbi, basi mimi ni Himbi.

Nilifika kumepambazuka. Wako mlangoni, wote watatu. Mkubwa alikuwa amechana kitenge changu kilichokuwa kwenye kamba ya nguo, akajifunga mkono wake na mkono wa mdogo wake, na huyo mdogo na wa mwisho. Lile fundo sikuweza kulifungua kwa vidole, lilikuwa limekaza kwa jasho. Shangazi akaleta kisu. Ile alama kwenye mkono wa mdogo ilikaa siku nyingi.

Nyumba ilikwenda. Mandazi yalikwenda. Sina neno juu ya hayo.

Yaya wa Majengo
Mama, machozi. Asante kwa kutuandikia.

Motari wa Ndosho
Yule mtoto wa miaka 11 ni mtu mzima. Mpe salamu zangu.

Mwalimu Kyeshero
UNICEF walisema baada ya usiku ule watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Hicho alichofanya Mama wa Buhene ndicho tunapaswa kufundisha kabla ya rangi za bendera. Mahali pamoja, njia moja, na namba ya simu mtoto aijue kwa kichwa. Simu ikizima, ile iliyohifadhiwa ndani haikusaidii.

Kadogo wa ULPGL
Mtoto wa miaka mitatu hawezi kushika namba kichwani. Mwandikie kwa kalamu kwenye mkono.

Mama Sambaza
Kalamu inafutika kwa jasho. Shona kwenye pindo la nguo.

Papa wa Virunga
Turudi kwenye swali. Sake au ng'ambo? Mimi nasema ng'ambo, karibu, unavuka umemaliza.

Fundi wa Birere
Na bariyeri ikifungwa? 27 Mei 2021 gavana wa kijeshi alipoamuru kartie (mitaa) 10 ziondoke, tuliambiwa tuelekee Sake. Njia ilijaa mpaka mtu hawezi kugeuza chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wengine walipanda boti wakashukia Minova.

Papa wa Virunga
Sake yenyewe ilikuwa na chakula gani? Watu walilala shuleni, makanisani, wengine kando ya barabara, na mvua juu.

Fundi wa Birere
Sikusema kulikuwa na raha. Nasema ndiko tulikoambiwa.

Papa Katindo
Mnagombana bure. Inategemea lava iko wapi. Usikimbie mbele yake kufuata bonde inaloshukia, kata pembeni. Aliye magharibi ya mkondo atakwenda Sake, aliye mashariki atakwenda ng'ambo. Mtu akivuka mkondo ili tu afike kwa ndugu zake, huyo anajitafutia kifo. 2021 kuna waliokufa kwa moshi wakikatiza juu ya lava ya Kibati ambayo haijapoa. Juu ilikuwa nyeusi, wakadhani imelala.

Mama wa Mugunga
Na mnaokuja huku kwetu, tafadhali, chagueni pa kulala. Toka Mugunga mpaka Sake kuna mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini. Ile hewa ni nzito, inakaa kwenye mashimo na mabonde madogo, haina rangi, na usiku na asubuhi bila upepo ndipo inajaa. Mtu mzima amesimama anaweza asisikie kitu, mtoto aliyelala chini hazinduki. Ukiona mahali majani yamekauka na panzi au ndege wamekufa, ondoka. Lala mahali palipoinuka. Waulize wenyeji, hatuwanyimi.

Kadogo wa ULPGL
Sisi tuliwasha mshumaa chini, ukizima tunahama.

Mama wa Mugunga
Usitegemee mshumaa, mwanangu. Panda juu tu.

Muuza makala
Wengine mmesahau kituo cha mafuta 2002. Lava imepita, watu wanadhani imekwisha, wanaingia na bido kuchota mafuta. Joto lilikuwa bado pale. Kililipuka, wakafa makumi. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nilisikia kifuani kabla ya kusikia masikioni. Ndugu zangu, baada ya lava usiokote kitu. Si mafuta, si bati, si waya.

Papa wa Virunga
Pole sana ndugu.

Nesi wa Keshero
Maji nayo. 2021 mabomba yalikatika, watu wakashuka ziwani na bido. Kipindupindu hapa petu hakihitaji kualikwa. Nunueni dawa ya klorini mapema, iwekeni pamoja na karte za elektere (kadi za kupigia kura) na dawa za wagonjwa wa sukari na presha. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye majivu, msinywe.

Mama Sambaza
Mimi huwa naweka bido mbili zimejaa chini ya kitanda.

Nesi wa Keshero
Vizuri mama, ila mwaga ujaze upya kila baada ya siku chache.

Binti wa Mabanga
Samahani, nina swali na sioni anayelisema. Baba yangu hawezi kutembea tangu apate kiharusi. Ni mtu mzito. Kila mafunzo wanasema "ondokeni haraka". Yeye tunamwondoaje?

Mama wa Buhene
Binti, nilipitia hilo. Usitegemee kijana mwema wa njiani. Panga mtu leo.

Motari wa Ndosho
Pikipiki haifai, ataanguka.

Mwenye chukudu
Chukudu inafaa. Mabanga mpaka mjini ni mteremko, nimeshushia watu wazima kwa magunia ya viazi yaliyokunjwa chini yao. Lakini sharti watu wawili: mmoja mbele kwenye usukani, mmoja nyuma ameshika kamba ya kuzuia, maana breki peke yake kwa uzito ule haitoshi. Na baba afungwe kifuani kwa kitenge, si miguuni.

Binti wa Mabanga
Unakaa Mabanga gani, papa?

Mwenye chukudu
Kusini, karibu na soko. Njoo Jumamosi asubuhi na baba kama anaweza kutoka, tujaribu mara moja bila haraka ili naye azoee. Kaka zako waje pia, kamba nitawaonyesha.