Hilux ya mpunga, njia ya Ifakara–Mlimba: nifunge tairi za AT (za lami na vumbi) au niende MT (za matope) moja kwa moja?

Mama Mpunga

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nina Hilux dabo kebini ya dizeli, foo wili ya kuingiza mwenyewe, rimu 17. Matairi ni 265/65R17, HT za barabarani, gari nilinunua likiwa nayo miaka mitatu iliyopita. Ya mbele bado yana kashata kidogo, yaani yale meno ya kukanyagia. Ya nyuma ni vipara, trafiki akiyaona anatabasamu kabla hajanisalimia.

Kazi yangu ni mpunga. Nakaa Ifakara, nanunua Mngeta, Chita mpaka Mlimba, nakoboa mjini, halafu mara mbili kwa mwezi napeleka mchele Morogoro. Mzigo wa kawaida ni magunia 8 ya kilo 100, na kijana wangu wa kupakia amekaa juu yake.

Wiki iliyopita, kabla ya kufika Mngeta, niliingia kwenye dimbwi ambalo nimelipita mara mia. Safari hii chini kulikuwa na jiwe. Hata mlio sikusikia, nilihisi tu gari linakaa nyuma kushoto kama ng'ombe anayepiga goti. Ubavu wa tairi umechanika urefu wa kidole, nyuzi zinaning'inia nje kama mizizi ya mpunga uliong'olewa. Spea nayo upepo nusu. Tukajikongoja hivyo hivyo mpaka kijijini. Kijana wa pancha akapitisha kidole kwenye tundu, akakichungulia kwa upande wa ndani, akacheka: "Mama, hili nalishona." Na akalishona kweli, kwa uzi wa nailoni, ndani akaweka kiraka cha tairi kuukuu, akaingiza tyubu. Elfu kumi na tano. Ndilo linalonitembeza mpaka leo.

Sasa nabadilisha. Jirani yangu ana MT, kashata kama meno ya mamba, na tangu azifunge haongei na mtu. Duka la kwanza wananisukumia AT za 265/70R17, eti "zinanyanyua gari". Duka la pili wana AT za 265/65R17, laki nne na nusu kila moja, chapa siijui. Nielezeni kama mnavyomweleza dada yenu, msinitumie picha za magari ya mashindano.

---

Spana 21

Mkuu, kwanza hilo tairi la kushonwa lisikanyage lami ya Mikumi na mzigo. Kinachobeba gari ni nyuzi za ubavu, na zako zimekatika. Uzi wa nailoni unazuia tyubu isichungulie nje, basi. Likipata moto kwenye mwendo wa 80 halitapiga hodi.

Tukija kwenye swali. Wengi wakinunua tairi wanaangalia kashata kwanza. Wewe kilichokuangusha ni ubavu, kwa hiyo anza na ubavu. Dukani utakuta AT mbili za saizi yako. Moja imeandikwa 265/65R17 112 na herufi ya mwendo. Nyingine mwanzoni ina herufi LT, yaani tairi la gari dogo la mizigo, na mwishoni namba ni 117 au 120. Hizo namba ni uzito: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja upepo ukiwa kamili, 120 ni kilo 1,400. Magunia yako 8 hata ile ya 112 inayabeba, usidanganywe kwamba hapo ndipo penye tatizo. Unachokilipia kwenye LT ni matabaka zaidi ya nyuzi na mpira mnene zaidi pale jiwe linapokata. AT ya BFGoodrich iitwayo KO2 inajulikana kwa hilo, na siyo peke yake. Ubaya wake usifichwe: nzito, linarukaruka gari likiwa tupu, mafuta yataongezeka kidogo, na ili ibebe uzito uleule inataka upepo mwingi kuliko tairi la kawaida. Ukifunga LT ukaendelea na upepo wa zamani, umejipunguzia ulichokinunua.

MT sikushauri. Hesabu kilomita zako mwenyewe. Morogoro mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi, sehemu kubwa ni lami. Lami inazikwangua, na mvua ikinyesha zile kashata kubwa zenye mapengo zinagusa lami kwa eneo dogo, breki utaitafuta. Jirani yako haongei na mtu kwa sababu hasikii, hizo zinavuma kama mashine ya kukoboa.

Kuhusu 265/70: kipenyo cha tairi lako ni milimita 776, hilo lingine ni 803. Gari linanyanyuka nusu ya tofauti, yaani milimita 13, upana wa kidole kidogo cha mkono. Kwa kidole hicho gia zako zinakuwa nzito kila unapojinasua na mzigo, na ukikata kona kali tairi linaweza kukwaruza madigadi. Tena dashibodi ikisoma 50, wewe uko karibu 52. Vijiji vya njiani vina tochi za trafiki za kupima mwendo.

---

Kambale

Spana, hapo kwenye tochi umemtisha bure. Dashibodi nyingi zinasoma juu kuliko mwendo wa kweli, 265/70 inairekebisha tu 😂

Mimi natoka Malinyi na nina MT, sijutii. Ngojeni Aprili, tope jeusi la mbuga likilowa, muone hizo AT zenu. Linajaa kwenye kashata, tairi linakuwa duara laini kama andazi. Likishafika hapo, AT na kipara ni ndugu. MT inajitemea tope yenyewe ukikanyaga mafuta.

---

Mwalimu wa Chita

Kambale kasema kweli kuhusu andazi, ila Aprili yenyewe mpunga bado uko shambani, dada atafuata nini huku? Mavuno ni kuanzia Mei, Juni, na Agosti barabara yote ni vumbi na mawe. Masika ikikolea sana sisi huku tunapanda TAZARA, gari linabaki nyumbani na MT zake.

Mimi niongeze la upepo, maana naona kila mtu anabishana kashata. Vijana wa pancha huku wanajaza kwa sikio. Wanapiga tairi teke, likilia "ti" wanasema limeshiba. Nilinunua geji yangu, nikapima baada ya teke: kulia 48, kushoto 37. Mama, kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye upepo wa mbele na wa nyuma, gari tupu na gari lenye mzigo. Anza na hicho, LT ikizidishwa kama alivyosema Spana. Tairi likiwa limejazwa kupita kiasi linakuwa gumu kama ngoma iliyokaushwa motoni, jiwe linalikata badala ya kuzama kidogo kwenye mpira. Likiwa na upepo mdogo huku umebeba magunia, ubavu unajikunja ukibanwa kati ya jiwe na rimu. Nadhani lako lilikufa hivyo. Ulipima lini mara ya mwisho?

---

Mama Mpunga

Mwalimu, umenishika pabaya. Geji sina. Huwa naangalia kwa macho.

Na Spana, mimi siyo mkuu, ni mama wa watoto watatu. Dada inatosha. Swali: mfuko hauruhusu manne kwa mpigo. Nikinunua mawili ya nyuma sasa, ya mbele nikamalizia hizi HT?

---

Spana 21

Samahani dada.

Mawili unaweza, ila ujue unachofanya. Foo wili yako ukishaiingiza, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, hakuna kitu katikati cha kuziruhusu zipishane mwendo. Nyuma mpya, mbele yamelika, maana yake vipenyo havilingani: moja inataka kuzunguka haraka kuliko nyingine. Kwenye tope hakuna neno, tairi linateleza na ugomvi unaisha. Kwenye sehemu kavu ngumu utasikia gari linajibana, usukani mzito, na kitakachoumia ni gia za kugawa nguvu mbele na nyuma, au difu. Kwa hiyo foo wili iingize kwenye utelezi tu, itoe ukifika pakavu. Na ndiyo sababu nyingine ya kutochanganya 65 na 70 kwenye gari moja.

Kitu cha mwisho: usinunue kabla hujasoma tarehe. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingi zipo upande mmoja tu, na muuzaji atageuza ule mwingine. Mwambie alizungushe.

---

Kambale

Na usikubali "hili ni jipya, halijawahi kufungwa". Hata mkate wa jana haujawahi kuliwa.

---

Mama Mpunga

Narudi na majibu, nisiwe kama wale wanaouliza wakapotea.

Nilikwenda duka la laki nne na nusu kwanza. Nikamwambia kijana azungushe tairi. Akaniuliza mama unatafuta nini, nikamwambia siku yake ya kuzaliwa. Yalikuwa manne: matatu mwaka mmoja, la nne limeandikwa 1518. Akasema hiyo ni namba ya kiwanda. Nikamwambia ndiyo, kiwanda cha wiki ya 15. Tukaagana vizuri.

Nimechukua LT za 265/65R17, namba 120, kwa bei inayokaribia mara mbili ya zile. Nne. Shemeji yangu amenikopesha ya mawili, nitamlipa mchele. HT moja ya mbele iliyokuwa na uhai zaidi nimeiweka spea, saizi ni ileile, na safari hii nimeijaza upepo.

Nimeshakwenda Mlimba na kurudi. Kwenda, nikiwa tupu, Spana hakusema uongo: meno yaligongana, kijana wangu aliomba ahamie kebini. Kurudi na magunia 8 likatulia kama limelala. Pale kwenye dimbwi la Mngeta nilisimama, nikamshusha kijana na fimbo aligonge jiwe lilipo. Bado lipo, upande wa kushoto, kama hatua mbili kutoka ukingoni. Mnaopita huko shikeni kulia.

Geji nimenunua, Mwalimu. Lile tairi la kushonwa nimewawekea bata maji ya kunywa, na tyubu yake kijana ameikata mikanda ya kufungia magunia.