Mchoro umekuja umeshakamilika halafu tunaambiwa "tumeshirikishwa"!! Wana Mwanza tunafanywa wajinga hivi hivi

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie nikichanganya mambo.

Kuna mradi unakuja mtaani kwetu, upande huu wa barabara ya Kenyatta, mtaa sitautaja maana viongozi wetu nao wanashinda mtandaoni. Wanauita mtaa wa kisasa, stendi ya daladala katikati, maghorofa yanaizunguka, chini fremu za biashara juu wanakaa watu, ili mtu akishuka kwenye gari anunue mboga zake atembee mpaka kwake bila kupanda boda. Na niseme mapema kabla hamjaanza kunirukia, wazo lenyewe silipingi kabisa, nadhani Mwanza tunalihitaji kuliko hata Dar. Barabara kubwa za kuingia mjini tunazo tatu tu, Kenyatta, Nyerere na Makongoro, huku mawe huku ziwa, lori likilala pale Mkuyuni basi siku yako imeisha. Sensa ya 2022 wilaya zetu mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja zilishapita watu milioni 1, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 magari ya Sengerema na Geita hayapangi foleni ya kivuko tena, yanakuja moja kwa moja Usagara yanashuka huku kwetu. Kujenga makazi na biashara pale pale penye usafiri ni akili, hapo sina ubishi.

Sasa njoo kwenye huo ushirikishwaji wenyewe. Mkutano umewekwa Jumanne saa nne asubuhi, jamani Jumanne saa nne! Wanaume wako kazini, kina mama wa dagaa wako Mwaloni Kirumba tangu alfajiri, machinga yuko mjini, dereva yuko barabarani, mnategemea nani aje? Waliokuja ni wazee wastaafu, mabalozi wa nyumba kumi, na madalali wa viwanja ambao hao huwa hawakosi. Projekta imewashwa, maandishi yote Kiingereza, afisa anasoma mbio mbio utadhani anakimbizwa, mchoro una rangi za kila aina na hakuna hata mmoja aliyetuonyesha kanisa liko wapi au kisima kiko wapi ili mtu ajue nyumba yake imeangukia rangi gani. Soda zikapita, karatasi ya mahudhurio ikapita, kila mtu jina, namba ya simu na saini. Baada ya muda tunasikia ripoti imeshaenda juu imeandikwa wananchi wameridhia. Wameridhia lini?? Ile karatasi ya mahudhurio ndiyo imegeuzwa kuwa ridhaa yetu. Tumeitwa kula pilau, posa na mahari vilishamalizwa bila sisi.

Na mngetuuliza tungewaambia vitu ambavyo kwenye ramani havionekani. Wamechora duara kuzunguka stendi, mita 800, wanasema huo ndio umbali wa mtu kutembea kama dakika kumi, ndivyo wanavyofanya duniani kote. Sawa, kwenye tambarare. Hapa ni Mwanza bhana!! Nusu ya hilo duara ni mlima wa mawe, watu wanakaa huko juu, wanashuka kwa ngazi walizojichongea wenyewe na vichochoro vya kupita kati ya mwamba na ukuta wa jirani, mvua ikinyesha pale pote ni utelezi na maji yanashuka kama mto. Mama mmoja alinyoosha mkono, akawaambia, "Wanangu, mimi natoka nyumbani saa kumi za usiku na ndoo mbili tupu, narudi zimejaa, hiyo stendi yenu mnayosema ni karibu, nitapandaje kule juu? Ngazi mmeziweka wapi? Taa je?" Akajibiwa hilo ni suala la hatua ya pili. Ya pili!! Hatua ya kwanza ina nini? Ina maegesho ya magari. Nimekaa na mchoro nikaupima kwa rula kwenye ile nakala niliyopigia picha, maegesho yamekula eneo kubwa kuliko soko. Mnajenga mtaa wa watu kutembea kwa miguu na kupanda daladala halafu eneo zuri la tambarare, ambalo huku kwetu ni adimu kuliko dhahabu ya Geita, mnalipa V8 zilale.

Mama lishe na wauza matunda wao wamewekewa "eneo maalumu" nyuma kabisa ya maghorofa. Hivi hatujajifunza tu? Mwisho wa 2021 machinga walihamishwa nchi nzima, sehemu nyingi wakapelekwa ambako abiria hapiti, kilichofuata tunakijua wote, wamerudi barabarani. Machinga Complex ya pale Karume Dar ilijengwa kwa hela nyingi na bado vizimba vikakaa vitupu miaka. Mteja wa ndizi ni mtu anayeshuka kwenye gari ana haraka, hatazunguka ghorofa kukutafuta. Hili muuza karanga yeyote angewaeleza kwa dakika mbili, bure.

Halafu wapangaji. Huku kwetu nyumba moja unakuta familia tano sita za wapangaji, hawakuitwa kabisa, walioitwa ni wenye nyumba tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamsema mwenye haki ya ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, sawa, naye huyo akilipwa mimi nafurahi, ila mpangaji wa chumba anayelala kilomita chache tu kutoka kazini kwake anaambiwa nini? Atahamia Kisesa au kule mbele ya Buhongwa, atapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi. Sasa mradi wa kupunguza safari unamwongezea maskini safari, nani alikaa akapiga hiyo hesabu?

Msiniambie wananchi hatuelewi mipango miji. Wakati wa urasimishaji, yaani kupimiwa na kutambuliwa viwanja tulivyojijengea wenyewe, tulikaa wenyewe kwa wenyewe, jirani na jirani, tukabishana mpaka usiku, mtu akavunja uzio wake arudishe mita moja ili njia ipite gari la wagonjwa, bila soda ya mtu. Ile ndiyo mipango shirikishi. Watu walitoa ardhi yao kwa sababu walikaa mezani kalamu ikiwa bado haijaandika.

Na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau wasikilizwe mchoro unapoandaliwa, siyo ukishakuwa tayari umepakwa rangi. Kwa hiyo hatuombi hisani. Tunataka mkutano mkuu wa mtaa uitwe Jumapili jioni, wapangaji waitwe, mchoro ubandikwe ofisi ya mtaa kwa Kiswahili, na ile ripoti ya "wameridhia" isomwe mbele yetu tuone ni saini za nani.

Mtendaji wa mtaa nimemfuata, anasema mchoro hauko kwake. Nilikoelekezwa wanasema niandike barua. Barua nimeandika, ina muhuri wa kupokelewa, jibu hakuna.

Sasa wakuu mliosoma mipango miji au sheria, pingamizi la mchoro linapelekwa kwa nani hasa, na barua iwe ya mtu mmoja mmoja au tuweke saini kwa pamoja? Na kama mtaani kwenu mlishapita kwenye hili mkafanikiwa kubadilisha kitu, hata njia moja ya miguu, semeni mlifanyaje. Wale wa "acha kupinga maendeleo" piteni tu, leo sina nguvu nanyi.