Wapenzi wa klasiki Moshi na Arusha, sasa hivi mnasikiliza nini?

Tena_wa_Kiboriloni

Wakuu habari za jioni. Huku kila siku ni bongofleva, singeli na zilipendwa, sisi wa klasiki tumetawanyika kila mtu na hedifoni zake, basi leo semeni, wiki hii masikio yenu yako wapi?

Mimi nimezama kwenye Matthäus-Passion ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, mateso ya Bwana Yesu kama alivyoyaandika Mathayo, ni karibu masaa matatu na naisikiliza vipande vipande nikitoka kazini maana bando halina huruma. Iliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1727 pale Leipzig, Ujerumani, wanaikata katikati mchungaji anahubiri halafu wanaendelea. Sasa ile kwaya ya kufungulia isikilizeni kwa hedifoni, siyo spika ya simu. Kuna kwaya mbili na okestra mbili, moja inasema "Mtazameni!" ya pili inadakia "Nani?", tena "Mtazameni!" "Vipi?", na wakati hao wanajibizana inaingia sauti ya watoto kwa juu na wimbo wa kanisani kabisa, imetulia juu ya mawimbi yote yale. Nywele zinanisimama kila nikiisikia.

Ila kilichonishika zaidi ni ile tuni ya Kwaresima, ile ya kichwa kilichovikwa miiba. Bach kairudisha mara 5, sauti nne za kawaida tu, mtu wa kwaya unaweza kuimba nao hapo hapo, lakini kila ikirudi kodi, yaani zile noti zinazolia pamoja, zimebadilika. Mara ya kwanza kwenye nota iko ufunguo wa E, muda mfupi tu inarudi imeshuka nusu toni, yaani hatua moja ndogo ya kinanda, na ya mwisho inakuja pale pale Yesu akishakata roho, iko chini, sauti za kati zinapinda pinda mpaka zinaumiza, melodi ni ileile lakini unaisikia kama hujawahi kuiimba maisha yako. Na tuni yenyewe wala siyo ya Bach, mtunzi Hans Leo Hassler aliitoa 1601 ikiwa wimbo wa mapenzi.

Kingine nakiwaza sana, wamisionari wa Kilutheri walioingia huku Kilimanjaro 1893 walikuwa wa Leipzig Mission, mji uleule Bach alikofanya kazi kuanzia 1723 mpaka anafariki 1750. Nyimbo walizowafundisha babu zetu Machame na Old Moshi zinatoka kwenye kapu lilelile alilokuwa anachota Bach kila Jumapili. Mtu akiniambia huu muziki haunihusu namshangaa, bibi yangu kaziimba tuni hizi kwa Kichaga akiwa kwenye kahawa.

Swali moja la kiufundi, rekodi yangu ni ya kondakta John Eliot Gardiner na nikijaribu kufuatisha kwenye kinanda wao wako chini nusu toni mwanzo mwisho, kinanda kiko sawa, tatizo nini?

MamaKinanda_Njiro

Mwanangu kinanda chako kizima, usikipeleke kwa fundi. Enzi za Bach hapakuwa na kipimo kimoja cha sauti, kila mji na chake, sasa hawa wa leo wanaopiga vyombo vya kizamani wamekubaliana noti A iwe mitetemo 415 kwa sekunde wakati chako kimewekwa 440, tofauti ni karibu nusu toni kamili. Tafuta kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha na kushusha sauti, ushushe -1 mtaenda pamoja. Au msikilize kondakta Karl Richter, rekodi ya 1958, yeye vyombo vyake ni vya kisasa. Wengi siku hizi wanamkwepa wanasema anakokota, mimi naona hapo ndipo ilipo raha, ile kwaya ya kwanza besi zinatembea kama watu waliobeba jeneza, hawana haraka, wakati Gardiner kwangu anakimbia mno. Na ukifika pale Petro ameshamkana Yesu halafu inaingia violini peke yake, acha kila unachofanya.

Mimi usiku jikoni kukitulia nasikiliza zile suiti (mafungu ya vipande vya mtindo wa dansi) 6 za chelo, za Bach huyo huyo. Chelo moja tu, na bado sikio linasikia sauti tatu, anagusa noti ya besi anaiacha anapanda juu, na wewe kichwani unaendelea kuishikilia ile besi mwenyewe. Watu wengi walizichukulia kama mazoezi ya wanafunzi mpaka mpiga chelo Pablo Casals alipoziokota akiwa na miaka 13 kwenye duka la nota kuukuu Barcelona, akaja kuzirekodi 1936 mpaka 1939. Rekodi ina makwaruzo, vumilia. Anza na Sarabande, kile kipande cha polepole, ya suiti ya 5, hakuna kodi hata moja ndani yake, noti moja moja mpaka inaisha.

Kijana_Sakina

Shikamoo mama, naitafuta hiyo Sarabande sasa hivi. Wakuu sisi tusio na hela ya kulipia kila mwezi tunasikilizia wapi?

MamaKinanda_Njiro

Marahaba. Nenda YouTube andika Netherlands Bach Society, wanaweka kazi za Bach moja baada ya nyingine bure kabisa tangu 2014, na wanapiga vizuri sana. Nota chukua kwenye tovuti ya IMSLP, hazilipiwi.

Shaba_Machame

Mimi mtu wa matarumbeta, tunapiga ibadani, harusini, msibani, kwa hiyo sikio langu linatafuta shaba kwanza. Sasa hivi niko na Giovanni Gabrieli, mpiga kinanda wa kanisa la San Marco pale Venice, hasa Sonata pian' e forte iliyochapwa 1597, ni kati ya nota za mwanzo kabisa kuandikwa wapi upige taratibu wapi kwa nguvu na chombo gani kishike sauti ipi. Makundi mawili ya watu wanne wanne, wanapokezana polepole kwa upole halafu wakikutana wote nane kifua kinajaa. Na wewe Tena, hizo kwaya mbili ulizozisifia mzizi wake mmoja uko huku, mtunzi Heinrich Schütz alitoka Ujerumani 1609 akaja kusoma kwa Gabrieli akarudi nayo kwao, zaidi ya miaka mia kabla ya hiyo Passion yako.

Klarineti_UsaRiver

Nawapenda wote ila naona mmeegemea sana kwenye kanisa na karne za nyuma huko. Mimi namsikiliza mtunzi Samuel Coleridge-Taylor asubuhi na jioni, alizaliwa London 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Ile kwinteti (kazi ya wapigaji watano) ya klarineti na nyuzi aliiandika 1895 akiwa bado mwanafunzi Royal College of Music, na sehemu ya pili ile ya polepole nakuhakikishia utairudia. Baadaye, 1905, akatoa melodi 24 za piano zilizotoka kwa watu weusi wa Afrika na Marekani, nyingine ni za huku kusini kwetu. Tunaomba kwaya na walimu wetu wa muziki wamjue, anastahili kufundishwa sambamba na hao wengine. Na mwingine ni Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe 1745 na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika, akawa kiongozi wa okestra Paris, zile simfoni za Paris za mtunzi Haydn ni okestra yake ndiyo iliyozipiga kwanza.

Tena_wa_Kiboriloni

Mama asante, -1 imekubali kabisa, leo nimeimba sauti yangu ya tena na Gardiner bila kupishana. Klarineti hiyo kwinteti nimeshaidaunlodi. Shaba, hiyo ya Gabrieli bendi ya kawaida ya usharika inaweza kuipiga? Sisi tuna trumpet tatu, honi moja na trombone tano.

Shaba_Machame

Inawezekana, ila mnapungukiwa trombone moja na trumpet mbili zinabaki akiba. Kundi la kwanza sauti ya juu iliandikiwa kornetto, chombo cha kizamani cha kupuliza, mpe trumpet yenu bora na trombone tatu chini yake. Kundi la pili sauti ya juu imeandikwa violini lakini inashuka chini sana kwa trumpet, mpe honi, chini yake trombone mbili zilizobaki, na ile sauti ya tatu mtafuteni jirani mwenye trombone. Halafu msikae pamoja, kundi moja liwe upande huu wa madhabahu na jingine upande wa pili.