Mama mkubwa ana kisukari na presha: mtaalamu wa mazoezi angemsaidia nini?

Mjukuu wa Ujiji
Wakubwa shikamooni. Mama yangu mkubwa, ambaye huanika dagaa Kibirizi, Kigoma, ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, na anatumia metfomini na glibenklamidi za sukari, na atenololi ya presha. Binamu yetu aliyeko Australia anasema kwamba kule daktari angempeleka kwa mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi. Mama mwenyewe anajibu kuwa mtu anayeinama na kuinuka mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, tangu alfajiri hana haja ya kufundishwa mazoezi. Mtaalamu huyo hufanya nini hasa?

Fizio wa Tabora
Marahaba, ndugu. Kazi yake ni kupanga mazoezi kwa kipimo, kama dawa inavyopangiwa dozi. Hupitia dawa za mgonjwa, humpima presha na sukari, humtembeza kwa dakika 6 aone amefika umbali gani, kisha huamua aanzie wapi, na hurudia vipimo ili aongeze au apunguze. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini imedhoofika, na nafuu hiyo huweza kuendelea kwa saa 24 hadi 48, ndiyo maana haishauriwi kupitisha zaidi ya siku 2 mfululizo bila mazoezi.

Kwa mama, kinachonitia wasiwasi ni dawa. Glibenklamidi huweza kushusha sukari kupita kiasi, hata saa kadhaa baada ya mazoezi, huku atenololi ikificha dalili za kushuka huko, yaani moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, ingawa jasho hubaki. Kwa kuwa dawa hiyo hupunguza pia mapigo ya moyo, asijipime kwa kuyahesabu. Atembee kwa mwendo unaomruhusu kuongea lakini si kuimba.

Bibi Mwanga
Kazi ya mwaloni nayo isidharauliwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, na shughuli za kazini zinahesabiwa. Hata hivyo, kugeuza dagaa kwenye chanja, hatua mbili kisha kusimama, mara nyingi hakumfikishi mtu kwenye kuhema. Kuinua ndoo huku amebana pumzi ndiko kubaya, maana presha hupanda ghafla.

Mjukuu wa Ujiji
Asanteni. Je, apande kilima cha kutoka stesheni hadi Mwanga?

Fizio wa Tabora
Bado. Aanze na tambarare ya kando ya ziwa, dakika 10 baada ya chakula, akiwa na sukari mfukoni. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 5 mmol/L, ale kwanza. Avae viatu vilivyofunikwa, na jioni mtazameni nyayo hadi katikati ya vidole, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hauhisi mwiba. Maumivu ya kifua yakitokea, asimame na apelekwe hospitali mara moja. Kabla ya yote hayo, mwombeni daktari wa kliniki yake ampe rufaa kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, na kadi ya dawa msiisahau.